Siku ya Maua Kwetu Usukuma

Ndugu msomaji, itwae kalenda uliyoitundika ukutani uitazame mwezi wa sita. Kama ni kalenda ya parokia, huenda ukaikuta humo sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Neno Bulabo hutalikuta. Serikali haikuiandika siku hiyo katika siku za mapumziko. Hakuna ofisi inayofungwa kwa ajili yake, wala mwajiri anayemlipa mtu mshahara ili akae nyumbani. Lakini mavuno yakisha ingia ghalani, sisi watu wa Usukuma twaanza kuulizana njiani, "Mwaka huu mtakwenda Bujora?" Asiyeweza kwenda hutuma mtoto. Asiye na mtoto husubiri jioni apate habari kwa waliorudi.

Bujora ni kilima chenye mawe makubwa, karibu na Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini Mwanza ukiifuata barabara ya Musoma. Wewe wa Moshi au wa Songea labda hujafika huko. Basi nivumilie nikueleze kwanza, kisha nitakuambia jambo langu mwenyewe, ambalo si la kujivunia.

Bulabo kwa Kisukuma ni maua. Papa Urbano wa Nne aliiamuru sikukuu ya Ekaristi kwa Kanisa zima mwaka 1264, na waamini wana desturi ya kuitembeza Sakramenti Kuu nje ya kanisa, na watoto hutangulia wakimwaga maua njiani. Sisi twapenda kukiita kitu kwa kile kinachoonekana kwa macho. Bibi zetu hawakuweza kulitamka lile jina la Kilatini, waliona vikapu vya maua mikononi mwa watoto, wakasema, "Hiyo ni siku ya bulabo." Jina likashika mpaka leo.

Sikukuu hiyo huja siku sitini baada ya Pasaka, au Jumapili inayofuata. Kwetu huo ndio wakati kazi ya shamba inapopungua na watu kuanza mashindano ya ngoma, ambayo huendelea mpaka mwezi wa nane. Maua ya Kanisa na ngoma za kijiji zikakutana katika majira mamoja. Leo zimeshikana kama chungu na mfuniko wake, na kijana wa siku hizi akisikia Bulabo hufikiri ngoma kwanza, maandamano baadaye. Hapo twatofautiana, mimi na kijana huyo, lakini si neno.

Mashindano yenyewe yana asili ya zamani. Wazee husimulia habari za waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani kati yao ana dawa yenye nguvu zaidi. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha wakaitwa Bagalu, na tangu hapo wachezaji wa Usukuma wamegawanyika pande hizo mbili. Usidhani kuna mwamuzi anayekaa mezani na kalamu. Vikundi viwili vinaingia uwanjani saa ile ile, kimoja huku na kingine kule, na vyote viwili vinapiga na kucheza kwa pamoja. Watazamaji wako huru. Wakivutwa upande huu, wanakuja huku; wakichoka, wanavuka kwenda ule. Mwishoni, kundi lenye watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Nimewahi kuona watu wakihama kama maji yanayotafuta bonde, kwa sababu tu kijana mmoja wa upande wa pili alimwinua chatu begani. Ndiyo maana wachezaji wetu hawaachi kubuni: nyoka, fisi, sanamu za kuchekesha, mradi watu wavuke uwanja.

Baba yangu alikuwa Mgalu, mpiga ngoma ya bugobogobo. Hiyo ndiyo ngoma ya majembe. Wachezaji hushika jembe, hulirusha juu likazunguka, hulidaka, huliegemeza begani, na wote hufanya hivyo kwa mpigo mmoja wa ngoma kubwa. Mgeni huiona akapiga makofi na kusema ni mchezo mzuri. Baba hakuiita mchezo. Alituambia, sisi wanawe, ya kuwa zamani vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, naye akiwaita walikwenda shamba la mtu fulani, wakajipanga mstari, mpiga ngoma akasimama mbele yao pembeni mwa matuta. Jembe lilishuka pale ngoma ilipotua. Jioni mwenye shamba aliwapa chakula, na mwenye mali alichinja. Kesho ilikuwa zamu ya shamba jingine. "Ile ngoma," alikuwa akisema, "haikupigwa ili watu watazame. Ilipigwa ili jembe lisiwe zito." Na mjane asiye na kitu cha kuchinja, je? Nilimwuliza hivyo siku moja. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kama mvua hunyesha pia kwa wajane.

Katika miaka ya 1940 baba aliingia mafundisho ya ubatizo. Akaambiwa aache ngoma. Sitaitaja parokia, na waliomwambia wamekwisha tangulia mbele ya Mungu. Tena nisiwaonee. Katika ngoma za siku zile palikuwa na dawa za kumshinda mwenzako, palikuwa na pombe mpaka usiku wa manane, na fitina kati ya Bagika na Bagalu ziliweza kuwagawa hata ndugu wa tumbo moja. Padre aliyeona hayo yote akasema "acheni" hakusema kwa kutupenda kidogo. Ila hakujua kutenga pumba na mchele, akamwaga vyote viwili. Baba akatii. Ngozi ya ngoma yake ikachakaa kwa kukosa moto na mkono, ikapasuka, na mama, ambaye hakupenda chombo kikae bure, akaitia dengu. Mimi nilizaliwa nikaikuta hivyo. Mpaka nilipokuwa na miaka saba nilidhani kile ni chombo cha kuwekea dengu.

Ndipo tukasikia habari za Bujora. Padre David Clement, wa shirika la Mapadre Weupe, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada, alikuwa amefika huko katika miaka ya 1950. Aliketi na wazee, akauliza, akaandika, akakusanya. Nyimbo za dini zikaanza kuimbwa kwa mahadhi yetu. Kanisa likajengwa la duara, na altare ikapewa umbo la kiti cha enzi cha mtemi; maana Mfalme atakaa wapi, kama si penye kiti cha mfalme? Haya yalikuwa yameanza kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujatoa hati yake juu ya Liturujia, tarehe 4 Desemba 1963, inayoruhusu desturi njema za mataifa ziingie katika ibada. Mwaka huo huo wa 1963 Serikali yetu ilifuta mamlaka ya watemi. Viti vyao na ngoma zao zingeweza kuliwa na mchwa, lakini Bujora palikuwa na mtu wa kuzipokea, na mwaka 1968 yakafunguliwa makumbusho ambayo yapo mpaka sasa. Nenda ukayaone, hasa kama una watoto.

Siku baba aliyotupeleka Bulabo mara ya kwanza tulitoka nyumbani alfajiri, kwa miguu, na michembe katika mfuko wa mama. Nakumbuka vumbi, na nakumbuka vikapu vya maua. Kisha nakumbuka ngoma kubwa ikilia, na Sakramenti Kuu ikipita, na baba amepiga magoti hali mabega yake yanatikisika. Nilifikiri anaumwa. Mama alinibana mkono ili nisiseme neno. Tuliporudi nyumbani, hakukaa hata siku mbili: aliimwaga ile dengu juu ya mkeka, akatafuta ngozi ya ng'ombe, akaiwamba upya. Mama alinung'unika juu ya dengu yake wiki nzima, lakini alikuwa akiimba.

Wengi wetu tunajua jinsi Mwalimu Nyerere alivyosema Bungeni tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, akisikitika ya kuwa wasomi walijua kucheza dansi za Ulaya na hawakuwahi kuzicheza ngoma za wazee wao, akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Baba alilisikia neno hilo, akafurahi. Aliliona kama barua iliyoandikwa kwake mwenyewe, na ilikuwa imefika baada ya mama kuishonea ngoma mfuko wa kuitunza.

Sasa nije kwangu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 34. Katika shule niliyofundisha kwanza tulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Mtoto aliyesikika akisema Kisukuma alivikwa shingoni, akatembea nacho mpaka amkamate mwenzake mwenye kosa lile lile, amvike. Yule ambaye kengele ya jioni ilimkuta nacho, alipata viboko au alichota maji. Mimi ndiye niliyekuwa naweka kibao hicho. Niliona nafanya kazi ya taifa. Na Kiswahili ni mali yetu kubwa, usinielewe vibaya. Bila hicho nisingeandika barua hii ukaisoma wewe wa Songea. Lakini mtu anaweza kujenga nyumba mpya bila kuichoma moto ya mama yake.

Nyumbani kwangu niliweka sheria hiyo hiyo. Mzaliwa wangu wa kwanza, mtoto wa kiume, alipokuwa anaanza kusema, mama yangu alikuja kukaa nasi amlee. Nikamwambia, "Mama, mtoto huyu usimsemeshe Kisukuma. Utamharibia Kiswahili chake, atashindwa mtihani." Mama hakubishana nami, kwetu mama habishani na mwanawe mwenye kalamu mfukoni. Ila ujue ya kuwa mama alikijua Kiswahili cha sala na cha sokoni tu. Basi akakaa na mjukuu wake miaka minne akimwambia Salamu Maria, na bei ya nyanya. Hadithi zake zote za sungura na fisi, mafumbo yake, utani ule ambao bibi humtania mjukuu akimwita mume wake, vyote alivifunga mdomoni. Nilipotoka darasani jioni niliwakuta wamekaa kimya barazani, mtoto amelala mapajani pake, nikaona ni amani.

Mwanangu alifaulu. Hilo sikatai. Alikwenda sekondari, akaenda chuo, akapata kazi Dar es Salaam, akaoa mke mwema kutoka upande wa Kilimanjaro. Wana watoto wawili.

Mwezi wa sita mwaka 2019 alikuja likizo na jamaa yake, akasema, "Baba, twende wote Bulabo, watoto waone utamaduni." Mama alikuwa na miaka 87. Tulimpakia katika gari, mbele, na mto mgongoni. Ndugu msomaji, uwanja ulikuwa umejaa. Siku hizi kuna vipaza sauti, kuna mabango ya makampuni, kuna wauza soda na wauza miwani ya jua, na kila mkono umeinua simu kupiga picha. Mimi mwenyewe nilikuwa na yangu. Sisemi ni vibaya; wachezaji wapende kuonekana, nao watoto wapate kuona chatu. Lakini nilimtazama kijana mmoja akirusha jembe jipya ambalo bila shaka halijagusa udongo hata siku moja, nikamkumbuka baba.

Upande mmoja palikuwa na waimbaji wa wigashe. Hao huimba wamekaa chini, mwili wa juu tu ndio unaocheza, na uzito wote uko katika maneno. Mama akaomba tumpeleke huko. Akasikiliza, akacheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa khanga. Mjukuu wangu mdogo, wa miaka sita, akauliza, "Bibi anacheka nini?" Akamwuliza baba yake. Baba yake akaniangalia mimi.

Nikaeleza kadiri nilivyoweza. Lakini utani ukielezwa hupoa kama ugali wa jana, na mtoto hakucheka.

Mama aliona yote hayo. Akamwita mwanangu aje karibu. Mwanangu akachuchumaa mbele yake kwa heshima, akasema, "Wabeja, bibi," neno moja alilolijua, maana yake asante. Mama akamshika uso kwa mikono miwili akaanza kusema naye kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayehesabu fedha za watu. Alisema muda mrefu. Alimbariki. Alimwambia ngoma ya babu yake iko uvunguni mwa kitanda chake, na aichukue. Kisha akasema, "Usifikiri sikukupenda ulipokuwa mdogo. Nilikuwa na maneno mengi ya kukuambia. Baba yako alinikataza kusema nawe."

"Amesema nini, baba?" mwanangu akaniuliza.

Nikamwambia juu ya baraka. Nikamwambia juu ya ngoma. Nikanyamaza.

"Basi tu? Mbona amesema sana?"

"Wazee hurudiarudia," nikajibu.

Mama alikuwa ananitazama. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini alijua kuhesabu, naye alijua maneno niliyotoa ni machache kuliko aliyoyatia. Hakusema kitu. Aliugeuzia uso wimbo.

Ukiwa na mama au bibi aliye hai, msomaji, na mwanao hawezi kusema naye, usingoje Bulabo. Wakalishe pamoja leo jioni wakibangua karanga, wewe ondoka hapo. Usiwe mkalimani.

Mama alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa pili, amepokea Sakramenti zote. Baada ya matanga mwanangu aliingia katika chumba chake kuitoa ngoma. Ngozi ilikuwa imepasuka tena, kwa kuwa tangu baba afe, mwaka 1994, hakuna aliyeipiga, na ndani mlikuwa na dengu. Mama alikuwa ameitia tena. Mwanangu akatandika mkeka, akaimwaga, akabaki ameshika ile ngoma tupu mikononi akiigeuzageuza, hajui mtu huipiga ameisimamisha au ameilaza.

Hapo nikamwambia ile sentensi niliyoificha. Nilimwambia na habari za kibao, na habari za miaka minne ya Salamu Maria na bei ya nyanya. Nilitegemea atakasirika, na alikuwa na haki. Alikaa kitambo akiokota punje za dengu zilizotoka nje ya mkeka, moja moja, akizirudisha. Kisha akasema, "Baba, umeniambia kwa Kiswahili. Niambie kama alivyosema yeye."

Nikamwambia kwa Kisukuma, maneno ya mama yangu, jinsi yalivyotoka kinywani mwake. Akayasema nyuma yangu. Akakosea sauti, nikamsahihisha. Akafika katikati, akapotea, akaanza tena mwanzo.